Uvimbe ndani ya uvimbe

Kiswahili kina neno moja, uvimbe, lililobebeshwa mizigo miwili. Ukiumwa na nyuki mkono ukatutumka, huo ni uvimbe. Daktari akikuta donge kwenye titi au kwenye ubongo, huo nao ni uvimbe. Wa kwanza hushuka wenyewe baada ya siku mbili tatu. Wa pili haushuki ng'o. Kazi yangu ni kusahihisha maandishi ya watu, kutwa nashinda na maneno, lakini mgongano huo sikuwahi kuutilia maanani mpaka asubuhi ile daktari wa zamu alipotoka wodini na kutuambia kwamba kongosho la mama mdogo lina uvimbe.

Binti yake alikaa chini palepale, sakafuni. Daktari akaelewa kilichotokea, akachuchumaa mbele yake. "Hapana, dada, si uvimbe wa namna hiyo. Kongosho limevimba tu, kama shavu la mtu mwenye jino bovu." Tukashusha pumzi. Kuna aliyecheka. Miezi minne baadaye tukaja kujua kwamba uvimbe ulikuwepo wa aina zote mbili, mmoja umejificha nyuma ya mwenzake, na kwamba ule tulioambiwa haupo ndio uliouzaa ule tulioambiwa upo.

Mama mdogo ameniruhusu niandike kwa masharti mawili: nisimtaje jina, na nisimfanye mtu wa kuonewa huruma. La kwanza ni rahisi.

Maumivu yalimwamsha alfajiri. Yalianzia juu ya kitovu, chini kidogo ya kifua, yakapenya moja kwa moja hadi mgongoni. Kulala chali hakuweza. Alikaa kitandani ameinama mbele, amekumbatia mto, na baadaye nikaja kujua kwamba hivyo ndivyo wanavyokaa wengi wenye maradhi haya, kwa kuwa kongosho liko nyuma ya tumbo la chakula, limeegemea uti wa mgongo, na mtu akiinama mbele linapata nafasi kidogo. Alitapika mpaka kikabaki kile kimaji chungu cha njano, na kila alipotapika hakupata ile nafuu ambayo mtu huipata akishatapika.

Utambuzi wenyewe haukuchukua muda. Kanuni inayofuatwa na madaktari sehemu nyingi duniani, iliyopitiwa upya mwaka 2012 na inayojulikana kwa jina la mji wa Atlanta, inataka mambo mawili kati ya matatu: maumivu ya namna hiyo, lipasi au amilasi, ambavyo ni vimeng'enya, yaani vitu vya kuvunjavunja chakula, kupanda katika damu angalau mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida, au picha inayoonyesha kongosho limevimba. Lipasi ya mama mdogo ilikuwa imepanda zaidi ya mara ishirini. Akatundikiwa dripu, akapewa dawa ya maumivu, na jibu la swali "ana nini?" likawa limepatikana kabla jua halijawa kali.

Swali la pili, "kimeletwa na nini?", ndilo lililotula miezi minne.

Kongosho ni kiungo ambacho wengi wetu hatukijui hadi kituletee balaa. Urefu wake ni kama sentimita 15, na lina kazi mbili zisizofanana kabisa. Kazi inayojulikana ni ya insulini. Ya pili ni kutengeneza maji ya kumeng'enya chakula, zaidi ya lita moja kila siku, yenye vimeng'enya vikali kiasi cha kuyeyusha nyama na mafuta. Mtu atajiuliza, kama vinayeyusha nyama, kwa nini visiliyeyushe kongosho lenyewe, ambalo nalo ni nyama? Ni kwa sababu vikali zaidi kati yake hutengenezwa vikiwa vimelala. Husafiri usingizini ndani ya mfereji, na huamshwa vikishafika kwenye utumbo. Ugonjwa huu ni habari ya vimeng'enya vilivyoamka njiani. Vikiamka, vinaanza kumla mwenye nyumba. Mwaka 1896 daktari Hans Chiari aliandika kwamba kongosho hujimeng'enya lenyewe, na mpaka leo sijasoma maelezo mafupi yaliyo sahihi kuliko hayo.

Mfereji huo una historia ya kutisha kidogo. Aliyeuonyesha kwanza ndani ya mwili wa binadamu ni Johann Wirsung, mjini Padua, mwaka 1642. Mwaka uliofuata aliuawa. Mfereji ukabaki na jina lake. Unapofika mwisho, unakutana na mfereji wa nyongo unaoshuka kutoka kwenye ini, na katika watu wengi miwili hiyo humwaga kupitia tundu moja, kwenye kijichuchu kidogo kilicho ukutani mwa duodeni, yaani sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba. Hapo panaitwa ampula ya Vater, kwa jina la Abraham Vater aliyeieleza mwaka 1720. Nyumba mbili zinatumia mlango mmoja. Mwaka 1901, Eugene Opie akiwa Baltimore alipasua maiti ya mtu aliyekufa kwa ugonjwa wa kongosho, akakuta kijiwe kidogo cha nyongo kimekwama mlangoni hapo. Ndipo watu wakaelewa jinsi kijiwe kilichozaliwa kwenye kibofu cha nyongo kinavyoweza kuwasha moto kwa jirani.

Msomaji ashike picha hiyo ya mlango. Tutairudia.

Kati ya wagonjwa kumi wa kongosho lililovimba ghafla, takriban saba sababu yao ni mojawapo ya mbili: vijiwe vya nyongo au pombe. Kwa hiyo daktari anayeanza na hayo mawili anafanya hesabu nzuri, wala simlaumu. Tatizo la mama mdogo ni kwamba kibofu chake cha nyongo kilishatolewa miaka tisa nyuma. Altrasaundi haikuona kijiwe chochote kilichobaki kwenye mfereji. Ikabaki pombe.

"Mama, unatumia pombe?" Aliulizwa na daktari wa mapokezi, akajibu sijawahi. Akaulizwa na daktari wa wodi. Akaulizwa na wanafunzi watatu waliokuja na madaftari. Akaulizwa na muuguzi kwa sauti ya chini, kwa upole, kama mtu anayemwekea mwenzake kiti cha kukalia ili aungame. Siku ya tatu daktari mmoja akamwita binti yake pembeni na kumuuliza kama kuna chupa ambazo familia inazificha. Mama mdogo ana miaka hamsini na saba na pombe hajawahi hata kuionja. Maumivu aliyavumilia. Hilo la chupa lilimliza.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Mgonjwa anayekunywa akisema hanywi, na mgonjwa asiyekunywa akisema hanywi, wote wanatamka maneno yaleyale, na daktari aliyedanganywa mara mia ana haki ya kushuku. Ila shaka ile ilikuwa na gharama nyingine zaidi ya machozi: ilichukua nafasi ya sababu. Faili likishakuwa na "huenda ni pombe" pembeni, mkono wa kutafuta zaidi unalegea.

Hawakukaa bure, nisiwaonee. Walipima mafuta ya damu, yale yanayoitwa trigliseridi, ambayo yakipanda kupita miligramu 1,000 kwa desilita yanaweza kuchoma kongosho. Yalikuwa ya kawaida. Walipima kalsiamu, ya kawaida. Waliangalia dawa anazotumia, hakuna ya kushukiwa. Wakapitisha kamera mdomoni hadi mwanzo wa utumbo, wakaona tumbo safi, wakaandika "safi". Neno hilo nitalirudia pia. Siku ya sita maumivu yalikwisha, akala, akaruhusiwa. Daktari akasema, "Sababu haijulikani."

Haijulikani. Kwa mtu wa kazi yangu neno hilo lina umbo la mlango uliofungwa. Mwisho wa dunia haujulikani. Kiini cha uhai hakijulikani. Ni sentensi isiyomdai mtu yeyote kitu. Tulirudi nyumbani nayo tukiwa na furaha, kwa sababu "haijulikani" ilisikika kama "hakuna".

Na kweli, kwa wengine huwa hakuna. Mgonjwa mmoja au wawili katika kila kumi huondoka hospitali bila sababu kupatikana, na wengi wao hawaugui tena. Saratani iko mwisho kabisa wa orodha: inakadiriwa kuwa ndiyo chanzo kwa mgonjwa mmoja au wawili katika kila mia. Aliyevimba kongosho jana akisoma hapa leo asiache kulala. Lakini mmoja katika mia ni mtu, na wetu alikuwa huyo.

Miezi iliyofuata ilikuwa na dalili ambazo nikizitazama sasa naona zilikuwa zinapiga kelele. Alipungua uzito, akafurahi, akasema hatimaye nguo za zamani zinamwingia. Alianza kuwashwa mwili bila upele, usiku zaidi. Wiki moja macho yake yaligeuka manjano kidogo. Tukapanga kwenda kliniki. Siku ya miadi yakawa meupe, tukaahirisha. Baadaye nilijifunza kwamba umanjano unaokuja na kuondoka ni tabia inayojulikana ya uvimbe ulioota kwenye ampula: unaziba mlango, kisha kipande chake kinaoza na kumeguka, nyongo inapita, macho yanatakata, na familia inasema mgonjwa amepona. Kijiwe kinaweza kufanya mchezo huohuo, ndiyo maana dalili hiyo pekee haimhukumu mtu. Ila mtu asiye na kibofu cha nyongo, aliyepungua kilo nane, aliyekwisha kuugua kongosho? Nashangaa jinsi tulivyoweza kuziona dalili nne na kuzipa maelezo manne tofauti.

Mwezi wa nne maumivu yalirudi, yaleyale, alfajiri ileile.

Safari hii alimkuta daktari bingwa wa magonjwa ya tumbo, kijana, mwenye tabia ya kukaa kitini anapozungumza na mgonjwa badala ya kusimama miguuni pa kitanda. Alisoma faili lote. Akauliza kuhusu pombe mara moja, akajibiwa, akaandika alichojibiwa, akaendelea. Kisha akasema sentensi ambayo karibu nimkumbatie: "Mama, sababu haijajulikana."

Silabi moja tu, ja. Wanaosahihisha maandishi hupigana na waandishi kwa ajili ya silabi kama hiyo na kuonekana wakorofi. Haijulikani imefunga duka. Haijajulikana inasema kazi inaendelea, kuna mtu anayetakiwa kuimaliza, na leo hajaimaliza. Sijui kama daktari yule aliichagua au ilimtoka tu. Alichofanya baada ya hapo kiliendana nayo.

Kwanza alituambia kwamba hataharakisha. Kongosho likiwa limevimba, alisema, picha yake ni kama picha ya chumba kilichojaa moshi. Mama mdogo alikuwa amepigwa CT skani safari ya kwanza, katikati ya moto, na ripoti ikasema kichwa cha kongosho kimevimba na kuzungukwa na maji. Kweli tupu. Lakini uvimbe wa sentimita moja na nusu, ukiwa ndani ya uvimbe wa kongosho zima, hauonekani; rangi yao kwenye picha inakaribiana na mipaka inapotea. Kwa hiyo dawa ni kungoja moshi utoke, majuma manne hadi sita, na kupiga picha tena. Hilo la kurudia picha ndilo ambalo halikufanyika mara ya kwanza. Hakuna aliyetuambia turudi, nasi tungewezaje kujua?

Hakungoja tu akiwa amekaa. Alisema mtu aliyevuka miaka arobaini, asiye na vijiwe wala pombe, akishikwa na kongosho, uvimbe wa saratani lazima uwe kwenye orodha hata kama uko chini. Mashambulizi yakiwa mawili, unapaswa kupandishwa juu. Akaagiza MRI ya mifereji, ile inayoichora nyongo na maji ya kongosho kama mito kwenye ramani. Majibu yalionyesha mito miwili, wa nyongo na wa kongosho, yote imepanuka, yote inaishia ghafla mahali pamoja. Nilikuwa nimesimama nyuma yake akiitazama kwenye kompyuta. Hakusema kitu. Mito miwili ikifurika pamoja, kizuizi kiko pale inapokutana. Mlangoni.

"Lakini kamera ilipita hapo," nikasema. "Waliandika safi."

Ndipo akanieleza jambo ambalo ningependa kila mwenye mgonjwa alijue. Kamera ya kawaida ya kupitisha mdomoni inatazama mbele, kama taa ya gari. Ampula iko ukutani, pembeni. Kamera hiyo inaweza kupita kando yake isione chochote, au ione ukingo tu. Kwa kuitazama uso kwa uso kuna kamera nyingine, yenye jicho ubavuni. Waliomchunguza mara ya kwanza hawakuandika uongo. Tumbo lilikuwa safi. Walipita mbele ya mlango wenye mwizi wakiwa wanatazama barabara.

Kamera ya jicho la ubavuni ilikiona kwa dakika chache: kijichuchu kilichopaswa kuwa kidogo kilikuwa kimefura, kina vidonda, kinatoa damu kikiguswa. Wakatumia pia altrasaundi ya ndani, ambayo kifaa chake kipo kwenye ncha ya kamera na kinalitazama kongosho kutoka umbali wa milimita chache. Wakakata vipande vya nyama. Majibu ya maabara: adenoma, uvimbe usio wa saratani, ingawa una seli zilizoanza kupotoka.

Tukasherehekea tena. Tulikuwa hodari wa kusherehekea mapema. Daktari akatutuliza. Ampula, alisema, ina tabia ya kuficha: juu panakuwa na adenoma, chini yake saratani, na koleo la kukatia huchukua cha juu. Vipande vilivyotoka bila saratani haviwezi kuapa kwa niaba ya uvimbe wote. Kwa ukubwa wake, kwa umanjano ule, na kwa mito ile miwili iliyofurika, ushauri wake ulikuwa uvimbe utolewe wote pamoja na kilichouzunguka. Mama mdogo akamuuliza kama angekuwa mama yake angefanyaje. Akasema angemfanyia miadi ya mpasuaji wiki hiyohiyo.

Zile siku za kungojea nilizitumia kusoma. Nilitaka kujua wengine ambao kongosho lao liliwaka kwa sababu ya saratani wamekuwa watu gani, na nikakuta ni kundi lililochanganyika mno.

Ipo saratani ya kawaida ya kongosho, ile inayoogopwa, ambayo hupatikana mapema kiasi cha kupasuliwa kwa wagonjwa kama 15 hadi 20 tu katika mia. Nayo mara chache hujitangaza kwa shambulio la namna hii. Kuna vijivimbe vinavyotoa ute mzito ndani ya mfereji hadi unaziba kama bomba la jikoni. Hivi huanza vikiwa si saratani na vingine hugeuka kadiri miaka inavyopita. Kuna uvimbe wa seli za homoni, aina aliyokuwa nayo Steve Jobs wa kampuni ya Apple, ambao huenda taratibu zaidi kuliko saratani ya kawaida ya kongosho. Halafu kuna wageni, seli zilizotoka kwingine. Saratani ya mapafu ya seli ndogo inaweza kutua kwenye kongosho na kuziba mfereji. Ya figo ina subira ya ajabu: mtu ametolewa figo, amepona, amesahau, na miaka kumi au zaidi baadaye inachomoza kwenye kongosho. Nikaelewa kwa nini daktari yule alimuuliza mama mdogo kuhusu kila upasuaji aliowahi kufanyiwa tangu utotoni.

Zipo pia zinazochoma kongosho bila kuligusa. Ndani ya shingo tuna vitezi vinne vidogo, paratiroidi, vinavyotawala kalsiamu. Mara chache sana kimoja hupata saratani, kalsiamu inapanda mno katika damu, na kalsiamu nyingi huviamsha vile vimeng'enya vilivyolala. Saratani ya uboho inayokula mifupa inaweza kufanya vivyo hivyo. Mgonjwa analalamika tumbo, na mwizi yuko shingoni au ndani ya mifupa. Ndiyo maana kipimo cha kalsiamu, ambacho ni cha kawaida kabisa, hakipaswi kurukwa.

Iliyonishangaza zaidi ni saratani ya zile seli zenyewe zinazotengeneza vimeng'enya. Ni nadra mno. Wakati mwingine humwaga lipasi nyingi kwenye damu, na lipasi hiyo huyeyusha mafuta chini ya ngozi, miguuni hasa. Mtu anatokwa na mabonge mekundu yanayouma, viungo vinavimba, anakwenda kwa daktari wa ngozi, anakwenda kwa daktari wa mifupa, na wote wanatibu walichokiona.

Na limfoma, saratani ya tezi za limfu, nayo inaweza kukaa kwenye kongosho na kufanana na nyingine zote. Hiyo tiba yake ni dawa; kisu hakina kazi kubwa hapo. Upande wa pili kuna ugonjwa wa kinga ya mwili kulishambulia kongosho, ambao si saratani kabisa, unafanana nayo kwenye picha, na huyeyuka kwa dawa za steroidi. Wako watu waliopasuliwa kwa kudhaniwa wana saratani kumbe ni huo. Kwa hiyo mtu akisema "kata tu, maneno mengi ya nini", jibu ni kwamba jina la kitu linabadilisha tiba yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kile kipimo cha damu kinachosifiwa kwa saratani ya kongosho, CA 19-9, hakimalizi ubishi, kwani hupanda hata kwa nyongo kuziba tu, na kuna watu ambao miili yao haikitengenezi kabisa.

Neno "nadra" lenyewe nililitazama kwa jicho la kazi. Ulaya huiita saratani nadra ikiwa inawapata watu chini ya 6 katika 100,000 kwa mwaka. Marekani mstari wao uko kwenye 15. Kila moja peke yake ni kitu ambacho daktari wa kawaida anaweza kustaafu bila kukiona. Zikiwekwa pamoja, kwa hesabu ya Ulaya, ni zaidi ya moja ya tano ya saratani zote. Yaani ni nadra kukutana na hii, na ni nadra kukutana na ile, lakini si nadra kukutana na mojawapo.

Upasuaji ulichukua saa saba. Walitoa kichwa cha kongosho, duodeni yote, na sehemu ya chini ya mfereji wa nyongo, kisha wakaunganisha upya kongosho, nyongo na tumbo kwenye utumbo. Unaitwa upasuaji wa Whipple, kwa jina la Allen Whipple wa New York aliyeuandika mwaka 1935, ingawa Mjerumani Walther Kausch alishautangulia kwa zaidi ya miaka ishirini. Wote wawili wagonjwa wao wa mwanzo walikuwa na saratani ya ampula. Upasuaji huo mkubwa wa kongosho ulizaliwa kwa ajili ya kijichuchu ambacho ukikiweka kwenye ncha ya kidole kinatosha.

Ripoti ya mwisho ilikuja baada ya siku kumi na mbili. Ilikuwa saratani. Chini ya adenoma, kama alivyosema. Tezi za limfu kumi na saba zilichunguzwa na hakuna iliyoingiliwa. Saratani ya ampula, kwa kuwa inakaa mlangoni na kuziba mapema, mara nyingi hujitangaza ingali ndogo, na ndiyo maana waliopasuliwa huwa na matumaini mazuri kuliko wenye saratani ya kongosho lenyewe. Lile shambulio la kwanza, lililomwamsha alfajiri, lilikuwa kengele. Tulilitibu, tukashukuru limenyamaza.

Alipewa kemotherapi kwa miezi sita. Sasa anameza vidonge vya vimeng'enya kila anapokula, cha kwanza pamoja na tonge la kwanza, la sivyo mafuta hayameng'enywi na choo kinaelea. Kuhusu hilo la choo ana hadithi ambazo anazisimulia mezani na sisi tunamwomba anyamaze. Zile nguo za zamani zilizokuwa zimeanza kumwingia amezigawa.

Wiki iliyopita nilimsindikiza kliniki, mwaka wa tatu tangu kupasuliwa. Picha ilikuwa nzuri. Kabla ya kumwona daktari kuna muuguzi anayejaza fomu, mgeni, msichana ambaye bila shaka ndiyo kwanza ameanza kazi. Akauliza umri, uzito, dawa. Akafika mstari niliokuwa nauona kwa mbali ukija.

"Na pombe, mama? Unatumia?"

Mama mdogo akanitazama, kisha akamgeukia.

"Bado, mwanangu."

Msichana akaandika.